Kwenda Dubrovnik na ndege binafsi: anzia hapa kabla hujatoa hela

Kila ikifika mwezi wa tatu naanza kupigiwa simu na swali ni lile lile, dada tunataka kwenda Dubrovnik na ndege binafsi, shilingi ngapi? Kazi yangu ni kupangia safari familia za hapa Dar, na siku hizi sijibu shilingi ngapi kabla sijauliza mnaenda wangapi, mwezi gani, na kuna mzee au mtoto mdogo, maana nimeona watu wanamwaga hela nyingi kwenye kipande cha safari ambacho hakiwapi chochote, alafu kwenye kile ambacho kingewapa raha ya kukumbuka maisha yote wanabana. Kwa iyo naandika yote hapa, mtu asome taratibu.

Hatua ya 1: ujue unaenda mji wa namna gani

Dubrovnik upo kusini kabisa mwa Kroatia, kwenye bahari ya Adriatic ambayo ni mkono wa Mediterania. Zamani ulikuwa nchi kamili, jamhuri ya Ragusa, wafanyabiashara wa baharini waliojitawala wenyewe mpaka jeshi la Napoleon lilipowavunjia jamhuri yao mwaka 1808. Mji mkongwe wote umezungukwa na ukuta wa mita 1,940, sehemu nyingine urefu wa kwenda juu unafika mita 25, na UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia 1979. Ndani hakuna gari. Ukiwa umekulia Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja utaelewa haraka kuliko mgeni mwingine yeyote: vichochoro, mawe, milango mizito, mizigo inabebwa na watu, na kila kitu kina ngazi.

Hilo la ngazi na kukosa gari ndo linaamua mambo mengi huko mbele, kwa iyo lishike.

Hatua ya 2: amua kipande gani kiwe cha ndege binafsi

Hapa ndo pa kutuliza akili. Kutoka Dar mpaka Dubrovnik kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 5,900, kutoka Nairobi kama 5,200, lakini mstari ulionyooka haupo, anga ya Sudan ilifungwa vita ilipoanza April 2023 na ndege zimekuwa zikizunguka, kwa iyo Dar hesabu masaa manane hivi. Jeti ndogo aina ya Phenom 300 inafika kama kilomita 3,700 tu kwa tangi moja, lazima itue njiani kujaza mafuta. Ili uende bila kutua unahitaji kubwa, Challenger 650 au Falcon 2000LXS au Gulfstream, na hizo hesabu euro 8,000 kwa saa na kuendelea. Masaa manane ni 64,000 kwa kwenda tu, na bado ndege yenyewe haikai Dar, inakuja tupu kutoka Ghuba au Ulaya kukufata na huo mwendo wa utupu unalipa wewe. Ukijumlisha kwenda na kurudi utashangaa mwenyewe.

Na kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kwenye anga yake, na Juni 2025 wakaweka mashirika yote yenye leseni ya Tanzania, sababu waliyotoa ni usimamizi wa usalama. Orodha hiyo inapitiwa mara kwa mara kwa iyo angalia ilivyo siku unayosafiri, lakini kama bado ipo ivyo, mtu akikwambia ana jeti ya kukodisha yenye usajili wa 5H, yaani wa Tanzania, itakupeleka mpaka Kroatia, huyo usimpe ata senti. Na ndege ya kukodi ya nchi nyingine yoyote ya nje ya Ulaya, ata ya Kenya, mwendeshaji wake lazima awe na kibali cha TCO (cha waendeshaji wa nje ya Ulaya) kutoka EASA, ile mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya. Muombe akuonyeshe.

Ushauri wangu, na nimeurudia kwa kila mteja: kipande kirefu panda shirika la kawaida, bizinesi klasi, unalala kitanda kimenyooka kabisa. Kipande cha mwisho, kile cha ndani ya Ulaya, ndo ukodi jeti. Mfano Ethiopian kupitia Addis mpaka Roma, kutoka Roma mpaka Dubrovnik ni kilomita 500 tu, saa moja hivi angani. Au Air France mpaka Paris, Charles de Gaulle, alafu gari la dakika chache mpaka Le Bourget ambao ni uwanja mkubwa kabisa Ulaya wa jeti binafsi, kutoka hapo masaa mawili umefika. Jeti ndogo ya watu sita saba Ulaya inacheza kwenye euro 3,000 mpaka 4,000 kwa saa, nayo pia ina mwendo wake wa utupu ila ni mfupi. Ukigawa kwa watu sita inakuwa hela inayoeleweka, na unapata kile watu wanachokitaka kwenye ndege binafsi, hakuna foleni, hakuna kuunganisha Zagreb na watoto wamechoka, unatoka kwenye gari dakika ishirini baadae upo angani.

Angalizo moja kuhusu Roma, ndege kubwa inatua Fiumicino lakini jeti binafsi nyingi zinatumia Ciampino, upande mwingine wa jiji. Weka gari la kukuhamisha na acha nafasi ya masaa matatu kati ya kutua na kuruka, ndege kubwa inaweza kuchelewa.

Hatua ya 3: viza, na uanze mapema kuliko unavyofikiri

Ndege binafsi haikuondolei viza. Naandika hivi kwa sababu nimeulizwa zaidi ya mara moja. Kroatia imeingia Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, mwanzoni mwa 2023, na kwa ndege za ndani ya Schengen ukaguzi wa pasi uliondolewa tarehe 26 Machi mwaka huo, kwa iyo ukishakaguliwa pasi Roma au Paris, Dubrovnik unashuka kama mtu aliyetoka mkoa mwingine.

Omba viza kwenye nchi utakayolala usiku mwingi zaidi, kwa safari hii ni Kroatia, ata kama utaingilia Italia. Tovuti ya wizara ya mambo ya nje ya Kroatia inaonyesha ubalozi gani unashughulikia nchi yako. Ada ni euro 90 mtu mzima, 45 mtoto wa miaka 6 mpaka 11, chini ya hapo bure. Bima ya safari isipungue euro 30,000. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla, na mi nasema omba miezi mitatu kabla, usisubiri. Pasi iwe na angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Schengen.

Watoto ndo wanaosumbua. Cheti cha kuzaliwa, na barua ya ridhaa ya mzazi ambaye hasafiri, igongwe muhuri wa wakili. Kuna familia moja nilikuwa nawaandalia safari ya mzee wao kutimiza miaka sabini, watu wanane, wote wakapata viza isipokua mjukuu mmoja kwa sababu baba yake alikuwa safarini Guangzhou na barua haikusainiwa. Bibi yake alikataa kuondoka bila mjukuu, na alikuwa na haki. Tukasogeza tarehe wiki mbili na jeti ikapanda bei maana tuliangukia katikati ya Julai.

Jingine, kama unabeba keshi inayofika euro 10,000 au zaidi kuingia Umoja wa Ulaya lazima uitangaze forodhani. Watu wengi wa biashara wanabeba dola mkononi kwa mazoea. Tangaza tu, si kosa kuwa nayo, kosa ni kunyamaza.

Hatua ya 4: kukodi ndege bila kulizwa

Kuna mwenye ndege na kuna dalali. Dalali si mtu mbaya, mzuri anakutafutia bei kwenye kampuni kumi kwa lisaa limoja, ila lazima akutajie ndege yenyewe. Kabla ya kulipa uwe na vitu vifuatavyo kwa maandishi: jina la kampuni inayoendesha ndege, cheti chake cha uendeshaji wanachoita AOC, namba ya usajili ya ndege, bima yake, bei ya mwisho ikiwa na kila kitu ndani (ada za uwanja, marubani kulala, kuosha barafu kama ni baridi), na masharti ya kuahirisha. Namba ya usajili ikianza na 9H ni Malta, OE ni Austria, D ni Ujerumani, I ni Italia, 9A ni Kroatia yenyewe. Ukishaipata namba ingia kwenye programu ya simu inayoonyesha ndege angani, uone kweli ipo na inaruka.

Mwaka mmoja mteja wangu alinizunguka akampata dalali kwenye mtandao mwenye bei nzuri mno, akaambiwa alipe nusu kwenye akaunti ya mtu binafsi ili "kuishika ndege". Namba ya usajili hakupewa, kila akiuliza anaambiwa itatoka siku mbili kabla. Haikutoka. Hela ile haijarudi mpaka leo, na mama wa watu alilia ofisini kwangu kwa sababu ilikuwa ya ada ya chuo ya mtoto waliyoikopa kidogo wakitegemea mauzo ya mwezi. Kwa iyo mi kwenye hili sicheki na mtu: malipo yanaenda kwenye akaunti ya kampuni yenye jina lile lile lililopo kwenye mkataba, basi.

Uliza pia kuhusu miguu mitupu, wenyewe wanaita empty legs, yaani ndege inayoruka bila abiria. Jeti inapompeleka mtu Dubrovnik inarudi tupu Milan, Vienna, Nice, popote inapolala, na wenyewe wanaiuza kwa punguzo kubwa. Ubaya wake ni kwamba yule mteja wa kwanza akibadili mawazo na wewe huna safari. Kwa kurudi kwako, kama una siku mbili za kuchezea, ni nzuri. Kwa kwenda mkiwa familia nzima sikushauri.

Hatua ya 5: sloti na maegesho

Uwanja wa Dubrovnik unaitwa jina la Ruđer Bošković, mwanasayansi mzaliwa wa pale, upo kijiji cha Čilipi kilomita kama 20 kusini mashariki mwa mji. Njia ya kurukia ina mita 3,300, jeti yoyote inatua. Shida ni nafasi, yaani sloti (muda ndege iliyopangiwa kutua au kuruka) na maegesho. Julai na Agosti maegesho ya ndege binafsi yanajaa, na mara nyingi ndege inaruhusiwa kushusha watu tu kisha ikalale uwanja mwingine. Huo mwendo wa kwenda kulala na kurudi kukuchukua unaingia kwenye bili yako. Muulize dalali swali hili mapema, ndege italala wapi na nani analipa, na utajua hapo hapo kama anaijua kazi au anabahatisha.

Miezi mizuri kwangu ni Mei na kuanzia katikati ya Septemba mpaka Oktoba ya mwanzo. Bahari bado ina joto, nafasi zipo. Ila kama unapenda muziki na tamthilia za nje usiku, tamasha lao la kiangazi linaanza 10 Julai mpaka 25 Agosti kila mwaka tangu 1950, hapo kubali bei.

Hatua ya 6: mizigo

Mabegi laini. Jeti ndogo buti lake ni dogo na lina kona, sanduku gumu kubwa haliingii, nimeshuhudia masanduku mawili yakiachwa Ciampino yakaja kesho yake kwa gari na feri. Begi moja la kati kwa mtu na la mkononi. Viatu viwe vya soli inayoshika, nitasema sababu.

Hatua ya 7: ingia mjini kwa boti

Hii ndo sehemu niliyosema watu wanabana hela na mimi nawaambia hapana, hapa ndo utoe. Wengi wanachukua gari kutoka uwanjani moja kwa moja, nusu saa kwa barabara ya pwani, inapendeza, sikatai. Lakini dakika kumi tu kutoka uwanja kuna mji mdogo wa Cavtat wenye bandari tulivu, agiza dereva akushushe hapo, na boti ya mwendo iwe imeshafika inasubiri. Mnaondoka Cavtat mnaambaa na pwani, upande wa kulia mlima, na baada ya muda ukuta unaanza kutokea majini, kwanza unauona kama jiwe tu la mlima, alafu unagundua lina minara, alafu ngome ya Mtakatifu Yohana inasimama juu yenu na mnaingia bandari ya zamani kama walivyoingia mabaharia wa Ragusa na chumvi yao na vitambaa vyao. Yule mzee wa miaka sabini alisimama muda wote ameshika bomba la boti, hakukaa. Alikuwa nahodha wa majahazi ya Mafia enzi zake. Aliposhuka aliweka kiganja kwenye jiwe la gati akakiacha pale, na sisi wote tukasubiri.

Kama bahari imechafuka panda gari, usilazimishe.

Hatua ya 8: kulala

Ukiwa na miguu mizima lala ndani ya ukuta, The Pucić Palace ipo kwenye uwanja wa soko la asubuhi, jioni watalii wa meli wakishaondoka mji unabaki wenu. Mpange na hoteli mtu wa kubeba mizigo kutoka getini. Mkiwa na mzee anayesumbuliwa na magoti chagua nje ya ukuta: Hilton Imperial ipo hatua chache kutoka geti la Pile, au Hotel Excelsior upande wa Ploče ambapo unauona ukuta wote kutoka dirishani. Hizo zina lifti.

Hatua ya 9: siku zenyewe

Ukuta panda ukifunguliwa tu, saa mbili asubuhi wakati wa kiangazi. Kivuli hakuna na kuanzia saa nne ni moto na watu. Kabla ya kukata tiketi ya ukuta angalia bei ya Dubrovnik Pass, inakaribiana sana na ya ukuta peke yake lakini ndani yake kuna makumbusho na mabasi pia. Ukiwa juu tazama mapaa. Vigae vilivyofifia ni vya zamani, vile vyekundu vinavyong'aa viliwekwa baada ya mji kupigwa mabomu kwenye vita ya 1991, siku mbaya kabisa ilikuwa 6 Desemba. Ukishajua hilo huwezi tena kutazama yale mapaa kama picha ya kadi.

Chini, barabara kuu ya Stradun imesuguliwa na miguu ya karne mpaka mawe yanateleza kama sabuni mvua ikinyesha, ndo maana ya viatu. Nyumba zake zimefanana kwa sababu tetemeko la 6 Aprili 1667 liliangusha karibu mji wote na wakajenga upya kwa mpango mmoja. Mwanzoni mwa Stradun kuna nyumba ya watawa wa Fransisko yenye duka la dawa lililoanza 1317, mpaka leo wanauza losheni, zawadi nzuri kwa mama.

Mambo mawili nawaombea msiyapite. La kwanza Lazareti, majengo ya karantini nje ya geti la Ploče. Ragusa ndo walitunga sheria ya kwanza ya karantini, 1377, mgeni kutoka penye tauni anakaa siku 30 kwenye visiwa vya jirani kabla ya kuingia. La pili, mwaka 1416 baraza la mji huu lilipiga marufuku biashara ya watumwa. Sisi watu wa pwani hii soko la Unguja lilifungwa 1873. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilikaa kwenye ngazi za kanisa kama nusu saa sikutaka kuongea na mtu.

Ngome ya Lovrijenac, tiketi ile ile ya ukuta, ina maandishi ya Kilatini juu ya mlango kwamba uhuru hauuzwi ata kwa dhahabu yote. Asubuhi nyingine chukua boti ya dakika kumi na tano kwenda kisiwa cha Lokrum, kuna tausi wanatembea ovyo na hakuna anayeruhusiwa kulala huko. Siku nyingine gari mpaka Mali Ston mkale chaza wabichi wa pale pale majini. Wasiokula nguruwe waulize mapema, pršut, paja la nguruwe lililokaushwa, inawekwa kwenye sahani nyingi. Msikiti mdogo upo ndani ya mji mkongwe.

Hatua ya 10: kurudi

Kuna upepo unaitwa bura, unashuka mlimani kutoka kaskazini mashariki, zaidi miezi ya baridi lakini ata nje ya hapo unaweza kukushtukiza, na ukipiga kweli ndege zinapelekwa Split au kwingine. Jioni ya kabla ya safari mpigie kampuni ya ndege muongee na rubani mwenyewe, muulize upepo wa kesho na kama ndege imeshapata sloti ya kuja kuwachukua. Akikwambia afadhali mtoke usiku huo huo, fungeni mabegi. Na tiketi ya ndege kubwa ya kutoka Roma au Paris iwe ya siku inayofuata, sio siku ile ile, lipia hoteli ya usiku mmoja hapo katikati.